Maswali ya wasomaji: Kumlisha mtoto njiti, mililita kwa mililita

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito ale nini, ale vipi, na mama apewe nafasi gani ili aweze kumlisha. Tumeziweka pamoja. Vipimo tunavyotaja ni vya mtoto aliyetulia. Aliye kwenye mashine ya kupumulia au mwenye tatizo la moyo ana mpango wake, na karatasi iliyoko kitandani kwake ndiyo ya kufuata, si ukurasa huu.

Nimejifungua wiki ya 29, mtoto ana gramu 1,200. Kila nikikamua napata matone mazito ya njano yasiyojaza hata kijiko cha chai. Wauguzi wanataka nikamue mara nane kwa siku. Si kujitesa bure huku?
*Mama wa wiki 29*

Hongera mama, na pole kwa uchovu. Hayo matone ndiyo dang'a, na hayajapungua popote. Mtoto wa kilo moja na ushee siku ya kwanza hupewa mililita moja, mbili au tatu kwa mlo. Kijiko cha chai kina mililita 5, kwa hiyo nusu kijiko chako ni mlo mzima. Dang'a ina kingamwili nyingi kuliko maziwa yatakayofuata. Hata mtoto ambaye bado hajaanza kulishwa anaweza kupakwa mililita 0.1 au 0.2 ndani ya kila shavu, kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano yake. Waombe wauguzi, kama bado hawajafanya hivyo.

Ila mara nane hizo hazitafuti matone ya leo. Zinatafuta maziwa ya wiki ya pili. Titi hutengeneza kulingana na kinachotoka. Likiachwa limejaa huelewa kwamba hakuna mwenye haja, likapunguza. Mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni huitoa ishara hiyo mwenyewe kwa kunyonya. Wako hawezi bado, basi mikono yako inashika zamu yake. Kamua mara ya kwanza ndani ya saa moja baada ya kujifungua, au ikishindikana ndani ya saa 6, kisha mara 8 hadi 12 kila saa 24. Si lazima zipishane kwa usawa kama kengele ya shule. Unaweza kukamua mara tatu jioni ukalala kidogo, mradi pengo lisizidi saa 5 na angalau mara moja iwe kati ya saa sita usiku na alfajiri, kwa kuwa homoni inayotengeneza maziwa hupanda usiku. Lengo zuri ni kufikia mililita 500 kwa siku ifikapo siku ya 14. Mtoto hataweza kuyamaliza, yatahifadhiwa. Kiwango ulichojenga wiki hizi mbili ndicho utakachoendelea nacho miezi ijayo. Kukipandisha baadaye ni kazi ngumu zaidi.

Siku mbili tatu za kwanza tumia mkono. Dang'a ni nzito, hunata kwenye vifaa vya mashine na nusu yake huishia humo. Nawa mikono kwa sabuni. Weka dole gumba juu na kidole cha shahada chini, sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu. Sukuma titi kuelekea mbavuni kwanza, ndipo ubane vidole kukutana, kisha achia. Sukuma, bana, achia. Likipungua titi moja, hamia la pili, rudi, na uvizungushe vidole ili pande zote ziguswe. Zoezi zima ni dakika 20 hadi 30. Wengi hukosea kwa kuivuta chuchu yenyewe, au kuteleza na vidole juu ya ngozi: maziwa hayakai kwenye chuchu, na ngozi iliyochubuka itakufanya uogope kukamua kesho.

Kosa la tatu ni kukikodolea macho chombo. Wapo wanaokivika soksi ya mtoto wasizione mililita zikihesabika, na inasaidia kuliko inavyosikika, maana wasiwasi huzuia maziwa kushuka. Kamua ukiwa umekaa kando ya mtoto, au mara tu baada ya kumtoa kifuani.

Wetu ana gramu 1,600, anapewa mililita 12 kila baada ya saa 3. Hata panya hashibi. Nani amepanga hesabu hii?
*Baba mwenye kikokotoo*

Hesabu yenyewe hii hapa, baba, uitumie kikokotoo hicho. Mtoto aliyetulia mwenye gramu 1,500 hadi 2,000 huanza na mililita 60 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 1.6 mara 60 ni mililita 96. Ukigawa kwa milo 8 unapata 12. Kila siku inaongezwa mililita 20 kwa kilo: kesho 16 kwa mlo, kesho kutwa 20, na siku ya sita mtoto yuko kwenye mililita 160 kwa kilo, yaani 256 kwa siku au 32 kwa mlo. Uzito unaotumika kwenye hesabu ni ule wa kuzaliwa, mpaka atakapoupita.

Wa chini ya gramu 1,500 hulishwa kila saa 2, milo 12, na huanza na kidogo zaidi huku dripu ikiziba pengo. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 yanaruhusu kumwongezea hadi mililita 30 kwa kilo kwa siku. Kwa mtoto wa gramu 1,200 hiyo ni nyongeza ya mililita 36 kwa siku, au 3 kwa kila mlo. Zamani wengi walikwenda taratibu zaidi kwa kuhofia utumbo, lakini kuchelewesha nako kuna gharama yake: dripu inabaki mshipani siku nyingi, na kila siku ya dripu ni mlango wa vijidudu. Kwa hiyo swali lako la "mbona kidogo" lina mashiko siku ya tano, si siku ya kwanza. Kama siku ya tano bado yuko kwenye 12, uliza kwa nini, na una haki ya kuelezwa.

Utasikia pia habari za unga wa kirutubishi unaochanganywa kwenye maziwa ya mama kuongeza protini, kalisi na fosforasi. Huo si wa kila njiti. Hufikiriwa kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya gramu 1,500, na hupimwa na wodi. Usichanganye mwenyewe.

Wananifundisha kumlisha kwa mpira, ule mwembamba unaopitishwa puani au mdomoni hadi tumboni. Naogopa maziwa yasiende mapafuni.
*Mama kijana*

Woga wako una msingi, na ndiyo maana mpira huingizwa na muuguzi au mtu aliyefuzu, si kwa kukisia. Urefu hupimwa juu ya mwili wa mtoto: kutoka puani hadi ncha ya sikio, kisha hadi katikati ya ncha ya mfupa wa kifua na kitovu. Ukipitishiwa mdomoni, kipimo huanzia kwenye pembe ya mdomo. Hapo hutiwa alama. Kazi yako kabla ya kila mlo ni kuitazama alama hiyo. Ikiwa imesogea hata sentimita moja, au plasta imelegea, usilishe, mwite muuguzi. Yeye huvuta majimaji kidogo na kuyagusisha karatasi ya kupimia asidi, 5.5 au chini yake ina maana ncha iko tumboni. Ile njia ya kupuliza hewa na kusikiliza tumbo linguruma haitoshi, kwa sababu sauti husikika hata ncha ikiwa mahali pengine.

Mlo wenyewe: nawa, pasha maziwa kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, usiyaweke motoni. Toa mti wa kusukumia ndani ya bomba la sindano, ubaki na mrija wake mtupu. Bana mpira wa mtoto kwa vidole, unganisha, mimina maziwa, kisha achia taratibu. Shikilia bomba sentimita 15 hadi 20 juu ya mtoto na uyaache yateremke kwa uzito wake. Yakikimbia, shusha mkono. Yakigoma, mwinue kidogo au mgeuze mtoto, na ikibidi gusa mara moja kwa mti wa kusukumia kisha uutoe. Mlo uchukue kama dakika 10 hadi 20. Kusukuma kwa nguvu ili umalize haraka ndiko kunakomfanya acheue, apumue kwa shida na hata mapigo ya moyo yashuke. Tone la mwisho likifika shingoni mwa bomba, bana mpira kabla ya kuchomoa, ufunike kifuniko chake.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita. Mafuta ya maziwa huelea na kunata ukutani mwa bomba, na kwa mtoto huyu mafuta ndiyo uzito. Tikisa maziwa kwa upole kabla ya kumimina, na usiache chombo kimesimama kwa muda mrefu.

Akikohoa, akibadilika rangi kuwa bluu, akitapika au akiacha kupumua kidogo, teremsha bomba chini ya kimo cha mtoto, bana mpira na uite msaada. Mkiwa kifua kwa kifua wakati wa mlo, ni vizuri zaidi. Mpe na titi ulilokwisha kulikamua alambe au anyonye huku maziwa yakishuka kwenye mpira, ajue shibe na titi ni ndugu.

Duka la dawa wameniambia maziwa ya kopo ya watoto njiti "ni sawa na ya mama, tena yana nguvu zaidi". Nimepewa kopo la bure la kujaribia. Nifanyeje?
*Shangazi mlezi*

Rudisha kopo, shangazi. Kutoa sampuli za bure kwa akina mama na familia zao kumekatazwa na Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Bidhaa Mbadala wa Maziwa ya Mama, iliyopitishwa na Baraza la Afya Duniani Mei 1981. Kanuni haizuii kuuza maziwa ya kopo. Inazuia kuyatangaza kwa umma, kuwapa wahudumu wa afya zawadi za kuwashawishi, na kubandika picha za kuyasifia kwenye kopo. Mwaka 1994 Baraza hilo lilizitaka nchi zisiruhusu misaada ya maziwa hayo, ya bure au ya bei ya chee, katika huduma za afya. Nguvu ya kanuni hutegemea kila nchi imeiweka vipi kwenye sheria zake. Pengine ina meno, pengine ni karatasi tu.

Kuhusu "ni sawa": si sawa. Utumbo wa njiti una hatari ya ugonjwa ambao ukuta wake huvimba na sehemu zake kufa, na mtoto anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache. Watoto wanaopewa maziwa ya kopo huupata karibu mara mbili zaidi kuliko wanaopewa maziwa ya binadamu yaliyochangwa. Ndiyo maana mpangilio ni huu: maziwa ya mama yake kwanza, yakikosekana, kwa walio chini ya wiki 32 au gramu 1,500, maziwa ya mchangiaji kutoka benki ya maziwa, kopo la njiti huja mwisho. Maziwa ya benki hutoka kwa mama aliyepimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C na kaswende, kisha hupashwa joto la nyuzi 62.5 za Selsiasi kwa dakika 30. Hupoteza sehemu ya kingamwili, lakini hubaki salama kwa utumbo kuliko kopo. Ya jirani, hata awe na moyo mwema namna gani, hayajapita hapo. Yaacheni.

Ikifika mahali kopo halikwepeki, kwa agizo la wodi, bora la maji lililofungwa tayari kiwandani. Unga si tasa hata kopo likiwa jipya. Unaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha homa ya uti wa mgongo kwa watoto wachanga. Kama ni unga tu uliopo, maji ya kuukorogea yasiwe chini ya nyuzi 70, ndipo upozwe haraka na kutumika hapo hapo. Wanaokoroga kwa maji ya uvuguvugu "asiungue" huviacha vijidudu hai.

Ana wiki 33 sasa, ukihesabu tangu mwanzo wa mimba. Lini ataanza kunyonya? Na kikombe ni bora kuliko chupa?
*Msomaji wa siku nyingi*

Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio mmoja hutengemaa kati ya wiki 32 na 34, wengine baadaye kidogo. Kalenda haitoshi, mwangalie: anaamka kabla ya mlo, anageuza kichwa kutafuta, ananyonya mpira wake. Mlaze mkono ulio upande wa pili wa titi, mshike shingoni na mabegani, si kisogoni, maana ukimsukuma kisogo atajirusha nyuma. Atanyonya mara tatu nne kisha atulie. Kutulia huko ni kupumua, hajakataa. Usimtikise titi mdomoni. Mpira hauondolewi siku ya kwanza ya kunyonya. Kinachobaki hupitia humo, na hupunguzwa kadri titi linavyoongezeka.

Kwa kikombe, mketishe karibu wima, mikono imefungwa kwa kitambaa. Kikombe kidogo kisijae, ukingo wake ukae kwenye mdomo wa chini, maziwa yaguse tu mdomo wa juu. Atayalamba kwa ulimi. Kumwagia kinywani ni kumpalia. Dosari ya kikombe ni kumwagika, na wengi hudanganyika kwamba mtoto amekula 25 kumbe 8 zimeishia kwenye kitambaa. Pima kitambaa kikavu kabla na baada ya mlo: gramu moja ni kama mililita moja. Chupa ina chuchu inayotiririka haraka, mtoto asiyejua kusimamisha maziwa hulazimika kumeza badala ya kupumua. Kwa hiyo ndiyo, tungeanza na kikombe.

Ana wiki tatu, haongezeki uzito. Nyumbani wote wananilaumu maziwa yangu.
*Dada wa pili kuzaa*

Dada, maziwa yako tuyaache kwanza. Mtoto hupungua hadi asilimia 10 wiki ya kwanza na huurudia uzito wa kuzaliwa karibu siku ya 14. Baada ya hapo tunatarajia angalau gramu 15 kwa kilo kwa siku. Wa kilo 1.8 aongeze gramu 27 kwa siku, kama 190 kwa wiki. Apimwe uchi, mizani ile ile, kabla ya mlo. Nepi iliyolowa imeshawahi kumnenepesha mtoto kwenye kadi.

Kama kweli haongezeki, tafuta kwa mpangilio: kwanza baridi. Mtoto anayechoma nguvu kujipasha hawezi kunenepa. Joto la kwapani liwe nyuzi 36.5 hadi 37.5. Mweke kifuani ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, saa 8 hadi 24 kwa siku. Matunzo haya ya kangaruu yalianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa kukosa mashine za joto za kutosha. Utafiti uliochapishwa 2021 katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba kuyaanza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wa kilo 1 hadi 1.799 kwa asilimia 25. Pili, hesabu milo. Njiti hana uhodari wa kulia njaa, muamshe kila saa 3 usiku na mchana. Tatu, kama una maziwa mengi, kamua ya mwanzo uyahifadhi na umpe ya mwisho, yenye mafuta zaidi.

Akitapika kijani, tumbo likivimba na kung'aa, kinyesi kikiwa na damu, akiacha kula ghafla au kuacha kupumua kidogo kidogo, usimpe kitu mdomoni, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Likizo yangu inaisha na mtoto bado yuko wodini. Kuna sera yoyote inayotutetea?
*Mfanyakazi*

Ipo, na pengo unalolihisi ni la kweli. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Mtoto akizaliwa wiki ya 29, tarehe yake ya kawaida iko wiki 11 mbele. Likizo iliyoanza siku ya kujifungua inakuachia wiki 3 tu baada ya tarehe hiyo, wakati ambapo mwenzako ndio kwanza anajifungua. Ibara ya 5 ya mkataba huo inaruhusu likizo ya ziada kwa ugonjwa au matatizo yatokanayo na ujauzito au uzazi, kwa cheti cha daktari. Kiombe cheti mapema, kabla siku hazijaisha. Ibara ya 10 inakupa mapumziko ya kunyonyesha kila siku, yanayohesabiwa na kulipwa kama muda wa kazi. Kukamua kunastahili kuingia humo, na andika hivyo wazi kwenye barua yako kwa mwajiri. WHO nayo 2022 ilitamka kwamba likizo za wazazi zizingatie mahitaji ya pekee ya familia zenye njiti, baba akiwemo. Angalia kama nchi yako imeridhia mkataba na sheria yake ya kazi inasemaje, kwani hiyo ndiyo itakayosomwa na mwajiri.

Upande wa hospitali, mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto ulianza 1991, na mwongozo wake kwa watoto wadogo na wagonjwa ulitoka 2020. Vitu vya kudai ni vya kawaida kabisa: kuingia wodini saa 24, kiti cha kukaa na kangaruu, mahali pa kukamulia na friji yenye kipimajoto. Wodi inayomruhusu mama saa mbili kwa siku kisha ikalalamika hana maziwa imejifunga mikono yenyewe.

Maziwa niliyokamua yanakaa muda gani?
*Mama wa pacha*

Kwa njiti aliye wodini, saa 4 kwenye joto la chumba, saa 48 kwenye friji ya nyuzi 4, miezi 3 kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Andika jina, tarehe na saa kwenye kila chombo, na kwa pacha weka vyombo vidogo vya kiasi cha mlo mmoja. Friji jaza rafu za nyuma, mlango hupata joto kila ukifunguliwa. Yaliyogandishwa yayeyushe ndani ya friji, yatumike ndani ya saa 24, na yasirudi tena kwenye friza.